Mashine ya Kusomea Juani

Baba yangu alikuwa hapendi kusomewa kitu chochote. Hata tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji wa kijiji alitaka kulifikia mwenyewe, ashike ukuta kwa mkono mmoja, asogeze midomo neno kwa neno. Ukiwa nyuma yake ukaharakisha kumtajia kilichoandikwa, aligeuka akakutazama kana kwamba umemkanyaga kidole. Wageni walidhani ni kiburi. Sisi wa nyumbani tulijua chanzo chake.

Ujanani, kabla sijazaliwa, mchuuzi mmoja alimsomea karatasi ya mauzo mnadani. Alimsomea kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayesoma Injili, na baba akaweka dole gumba. Kilichosomwa hakikuwa kilichoandikwa. Alirudi nyumbani bila ng'ombe ambao hakuwahi kukubali kuwauza, na kila alikokwenda kulalamika aliambiwa dole ni lake. Ndipo akaenda kwenye kisomo cha watu wazima kanisani, mtu mzima na ndevu zake, akakaa kwenye vibenchi vya watoto mpaka akajua kusoma. Tangu hapo hakuweka dole popote. Alisaini jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda, na ukimharakisha anaanza upya.

Ninaanza na hilo kwa sababu mtu akisikia kwamba baba alingoja laptop mpya kwa hamu kuliko mimi, anaweza kudhani alikuwa mpenda vifaa. Wapi! Simu yake ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa mpira. Yeye ni mfugaji wa huku kwetu, jirani na Genkuru, na kitu pekee kilichowahi kumtoa usingizini ni mlio wa zizi.

Mimi nafundisha sekondari Tarime mjini. Miaka michache iliyopita nilianza kuandika habari za nyumbani: za bibi, za ng'ombe, za vijana walioacha majembe wakaingia mashimoni kutafuta dhahabu. Nilipomwambia baba, hakunisifu. Aliuliza, "Na mimi nimo?" Nikamwambia yumo, tena sana. Akasema, "Basi nitasoma mimi kwanza, kwa macho yangu, kabla watu hawajanisoma."

Tatizo lilikuwa macho yenyewe. Yalikuwa yameanza kuchoka, na maandishi ya karatasini yalimkimbia. Miwani ya mnadani haikusaidia. Kwenye laptop ningeweza kuzikuza herufi hata zikawa kubwa kama ngumi, lakini laptop yangu ilikuwa kuukuu. Bawaba ilikuwa imevunjika, kioo kinaegemezwa kwa tofali, betri imekufa, inaishi kwa kunyonya ukuta. Ndani ya nyumba, karibu na soketi, baba alisoma ukurasa wa kwanza wote, na umeme ukakatika. Akatoka. "Mimi si mgonjwa wa kukaa ndani mchana," akasema. Umeme uliporudi nikamtolea nje, kwa waya mrefu wa kuazima, lakini jua lilimeza kioo chote. Aliinama, akasogea, akarudi nyuma. Alichokiona humo ni kofia yake.

Wakati huo tulikuwa na mpangaji kwenye chumba cha uani, mchimbaji kutoka Geita aliyekuwa akienda kuponda mawe ya dhahabu Nyakunguru. Kila alasiri alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akaoga, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na simu yake kubwa. Alikuwa mtu wa habari za vifaa. Dunia nzima ya mashine ambazo hajawahi kuzishika aliijua kwa rangi na unene. Aliposikia mgogoro wetu na jua, alicheka.

"Shikamoo mzee," alisema. "Usihangaike na hiyo. Kuna mpya inakuja, wameibadilisha yote. Wanasema kioo chake kinashindana na jua."

"Marahaba. Wanasema nani?"

"Watu wa ndani. Picha zimevuja."

Baba aliketi vizuri. Hiyo lugha aliielewa. Alikuwa amezoea wachimbaji wanavyosoma jiwe, mshipa unaelekea wapi, dalili iko wapi. Na yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kumtazama ng'ombe mwenye mimba na kubashiri anachobeba. Kutoka siku ile uani kwetu pakawa na mambo matatu ya kubahatisha: dhahabu, ndama na laptop.

Ndama alitokana na hivi. Kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Wengine unawapeleka kwa rafiki wa mbali. Yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe na uzao wake, na mwizi au ugonjwa ukija haukumalizi. Baba alikuwa na mtamba mmoja aliyemweka kwa rafiki yake Ringwani, huko wilaya ya Serengeti, na habari zikaja kwamba ana mimba. Akatamka mbele ya mama na mpangaji kwamba akizaa dume, litauzwa likikua, linunue mashine. Akizaa jike, atauzwa ng'ombe mwingine. Kwa vyovyote mashine itanunuliwa, tena hiyo mpya.

Nilimwambia tusingoje. Mjini kulikuwa na laptop dukani, si mbaya, na mimi nilikuwa tayari kuichukua kwa mkopo wa walimu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesoma akapitiliza.

"Mama," akasema. Nina jina la mama yake, ndiyo maana hunita hivyo. "Ile ya dukani ni ng'ombe mzee. Wamemnenepesha wamuuze kabla mwenzake hajazaa. Mimi hili zizi nimelijaza kwa kungoja. Sijawahi kuuza mtamba kabla sijaona ndama wake."

"Tata, mashine si ng'ombe." Tata ndiyo baba kwa Kikurya.

"Kila kinachouzwa ni ng'ombe," akasema, na mpangaji akacheka mpaka akakohoa.

Tukangoja. Na niseme ukweli, nilifurahia kule kungoja. Baba na mimi hatukuwa watu wa maongezi. Nikipiga simu, zamani alikuwa akiuliza kama nimekula, kisha anampa mama. Sasa ananipigia yeye mwenyewe, mchana, nikiwa kwenye mapumziko, anauliza, "Mama, imezaa?" Nami najua anaulizia mashine. Namweleza tetesi za wiki. Wengine wanasema itakuwa nyembamba kama daftari. Wengine wanasema betri yake inamaliza siku nzima. Kuna mmoja amedai itakuwa na vioo viwili, baba akakataa katakata. "Huyo anatafuta watu wa kumsikiliza. Ng'ombe mwenye vichwa viwili haishi."

Siku moja nilikuwa nyumbani, tunakunywa uji, mpangaji akaja na tetesi mpya. Kitufe cha kuwashia kitakuwa kinasoma dole gumba. Bila dole la mwenye mashine, haifunguki.

Baba akaweka kikombe chini. "Dole tena?"

"Ndiyo usalama wa kisasa, mzee."

"Sisi tulitoka kwenye dole tukaenda kusoma. Hawa wamesoma wakamaliza, sasa wanarudi kwenye dole?" Akatikisa kichwa, lakini alikuwa anacheka. "Utaweka la kwako, mama. Mimi langu hawalipati."

Kulikuwa na mambo ambayo sasa nikiyakumbuka yananiuma, kwa sababu yalikuwa mbele yangu mchana kweupe. Baba aliacha kwenda kwenye tangazo la mtendaji. Alianza kunitambua kwa kunisubiri niseme neno. Alipopokea kikombe, mama alikigusisha kwanza kwenye vidole vyake. Lakini ng'ombe alikuwa akiwajua wote kama zamani, huyu kwa kikohozi, yule kwa kukokota kwato, na fimbo alikuwa akitembea nayo tangu ujana wake. Mfugaji anayewajua ng'ombe wake hawezi kudhaniwa haoni. Nami nilikuja nyumbani na habari za kioo kinachoshindana na jua, nikamweleza mwanga wake kwa mikono miwili.

Yule mtamba akazaa dume. Rafiki wa baba alipiga simu akitangaza kama mtu aliyepata mjukuu, na baba akataka twende Ringwani kumwona. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, mama, aliyebaki nyumbani, akasisitiza nisikae mbali na baba. Tulipofika rafiki yake alikuwa mlangoni pa zizi, mzee mrefu wa rika la baba, wamejuana tangu wakiwa vijana wa kuchunga. Nikamwamkia, akaniitikia, akatuongoza kwa ndama. Baba alipiga magoti, akampapasa kuanzia pua hadi mkia, taratibu, kwenye mgongo, kwenye mbavu, katikati ya masikio.

"Wa rangi gani?" akauliza.

Rafiki yake akasita. "Kijivu, mura," akasema, akimwita kijana kama zamani. "Si unamwona?"

"Namwona. Nataka nisikie wewe unamwitaje."

Tukacheka sote. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile mpangaji alikuwa amenitumia picha iliyovuja, ya karibuni kabisa, ile laptop ikiwa wazi juu ya meza, nayo ya kijivu. Nikaifungua kwenye simu, nikampa baba. "Tata, tazama. Ndiyo hii. Rangi moja na ndama wako."

Aliishika simu kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali kidogo, akaileta karibu, akaipindisha ili jua lisiipige, vile vile anavyofanya mtu anayetazama.

"Naona," akasema. "Nzuri. Imekuwa nyembamba kweli. Na hii rangi wameipatia."

Simu ilikuwa imezima. Simu yangu hujizima haraka, na pale nilipomkabidhi ilikuwa tayari giza. Alikuwa ameshika kioo cheusi, anakisifu. Rafiki yake aliitazama ile simu, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama ng'ombe. Hakuna aliyesema neno. Nikanyoosha mkono nikaichukua polepole, nikamwambia, "Ndiyo, tata, wameipatia."

Njia yote ya kurudi nililia nyuma ya dereva wa pikipiki, upepo ukawa unanikausha. Nilikuwa na hasira pia, sijui na nani. Na ile mashine labda, na watu wanaovujisha picha za kitu ambacho hawajamaliza kukitengeneza, wakawafanya wazee wa watu wangoje.

Nyumbani nilimfuata mama jikoni, nikamuuliza habari za macho ya baba, kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake. Hakugeuka. Aliendelea kusonga ugali.

"Yamekwisha kitambo," akasema. "Mwanga kidogo tu amebakiwa nao, kama wa mlangoni."

"Na hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua, utaacha kumletea habari za mashine."

Nikakaa chini kwenye kigoda.

Nilimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimulika, akapima, akasema ni presha ya macho, inayokula kuona taratibu kuanzia pembeni mpaka inafika katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Alimpa dawa ya matone ya kulinda kile kidogo kilichobaki. Baba alimsikiliza kwa heshima, akashukuru. Nje, kwenye benchi, nikamwambia basi tuachane na habari ya laptop, yule dume abaki akue.

Akakasirika. Nilikuwa sijamwona amekasirika siku nyingi. "Nilitamka mbele ya watu," akasema. "Nimekosa kusoma, sijakosa kununua."

Kampuni ilipoitangaza mashine, tuliitazama kwenye simu ya mwalimu mwenzangu, ofisini, tumejazana. Mtu aliyevaa vizuri aliiinua juu, watu wakapiga makofi huko ng'ambo, na walimu wenzangu nao wakapiga. Ilikuwa nyembamba. Betri yake ilimaliza siku. Kioo chake kilishindana na jua, wakaonyesha mwanamke akisoma ufukweni bila kukunja uso. Dole gumba nalo lilikuwepo. Baba na mpangaji walikuwa wamebashiri karibu kila kitu. Nikatoka nje, nikampigia.

"Imezaa," nikamwambia.

"Ya rangi gani?"

"Kijivu."

Akasema, "Nilisema." Nikasikia anamwambia mama kwa Kikurya, kwa sauti ya ushindi, nami nikakata simu.

Ilichukua muda mpaka ikafika mjini na dume likakua. Mpangaji hakuiona. Mawe ya Nyakunguru yalipoanza kumnyima alihamia machimbo mengine, akaaga kwa kumshika baba mikono yote miwili. Nilipoileta nyumbani, ikiwa kwenye boksi lake, ilikuwa alasiri, jua bado kali. Baba alikuwa kwenye kiti chake nje ya zizi tupu, ng'ombe wakiwa malishoni. Akaomba apewe kwanza. Akaipapasa kama alivyompapasa yule ndama, pembeni, mgongoni, akaifungua na kuifunga, akasikiliza bawaba. "Imetulia," akasema. Nikaichukua, nikaiwasha kwa dole langu, nikafungua maandishi yangu. Herufi zilisimama juani, nyeusi, safi, kila moja. Ningeweza kuzisoma nikiwa nimesimama mbali.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka."

"Niambie kweli. Nisije nikasifia giza tena."

Kumbe alijua. Sijui alijuaje, pengine ni ule ukimya wa Ringwani. Nikamwambia imewaka kweli, tata, na inaonekana.

Akaweka mikono juu ya fimbo. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu nizaliwe.

"Nisomee."

Nikavuta kigoda.

"Kama ilivyoandikwa," akaongeza.

Nilisoma. Nilisoma ya bibi, akacheka mahali ambapo sikutegemea. Nilisoma ya mchuuzi wa mnadani, akakaza taya. Mama alikuja na bakuli la karanga, akaketi kwenye mkeka, akawa anazimenya bila kuzila. Nikafika kwenye ya Ringwani. Nilikuwa nimeiandika usiku ule ule tuliorudi, yote, mikono miwili iliyoshika simu, kioo cheusi, maneno yake. Nilikuwa nimesahau kwamba imo. Nikaona mistari inayofuata, nikaona pia ukurasa wa baada yake, wa mvua, usio na ubaya wowote. Nikavuta pumzi.

"Usiruke," baba akasema.

Nikasoma. Sauti ilikatika mara kwa mara, nikaanza upya pale ilipokatikia, sikubadilisha kitu. Nilipofika mwisho, mama alikuwa ameacha kumenya.

"Ilikuwa imezima kabisa?" baba akauliza.

"Kabisa, tata."

"Na rafiki yangu aliona?"

"Aliona."

"Hajawahi kunitajia mpaka leo." Akafuta macho yake kwa kiganja, yale macho, yote mawili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba analia. "Weka hivyo hivyo. Ndivyo ilivyokuwa."

Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia hewani, kidole gumba mbele. "Nionyeshe pale pa dole," akasema.

Nilielewa. Nilimshika kidole, kimesuguliwa na kamba na jembe mpaka kimekuwa laini kama kokoto, nikakiweka juu ya kitufe cha kuwashia. Akakandamiza kwa nguvu, kwa muda, kama walivyokuwa wakikandamiza kwenye wino. Na kitufe, ambacho hakikumjua, kikafanya kile ambacho kitufe hufanya. Kioo kikazima. Herufi zote zikaondoka, tukabaki mimi na yeye humo ndani, na kofia yake.

"Imekubali?" akauliza.

Mama alikuwa ananitazama.

"Imekubali, tata," nikasema.

Akaegemea kiti, ametulia, dole lake bado liko pale, na sikuliondoa mpaka tuliposikia ng'ombe wanarudi.